Aliyechoka kuhubiriwa apewe hadithi

Mtu aliyelelewa kanisani anapopoteza tumaini, mara nyingi hapotezi maarifa. Aya anazo. Zaburi ya 23 anaisema tangu mwanzo hadi mwisho bila kufungua Biblia. Anajua Ayubu alinyang'anywa nini na akarudishiwa nini. Ukianza kumwambia kwamba dhiki kazi yake ni kuleta saburi, atakumalizia mwenyewe mpaka kwenye tumaini lisilotahayarisha. Shida yake ni kwamba maneno hayo yanapita tu. Yanaingia sikio hili na kutokea lile. Marafiki wanamwongezea aya, mchungaji anamwongezea fundisho, na kila neno jema linalomfikia linamzidishia uzito, maana anajua alipaswa kufarijika, na hakufarijika.

Kwa mtu wa namna hii, naamini riwaya nzuri ya Kikristo inaweza kufanya kazi ambayo mahubiri mazuri yameshindwa kuifanya. Haimletei jambo jipya la kuamini. Inamrudishia sikio la kulisikia lile analolijua. Na kazi hiyo inaiweza pale tu inapokubali kukaa na msomaji gizani kwa muda wa kutosha, bila kuharakisha mapambazuko. Nasema riwaya nzuri kwa makusudi, kwa sababu nyingi zilizoandikwa kwa nia ya kufariji hufanya kinyume chake, na huko nitafika.

Tuanze na kitabu kikongwe. John Bunyan alikuwa fundi wa kuziba sufuria aliyefungwa katika gereza la Bedford, Uingereza, kuanzia 1660 hadi 1672, kwa kosa la kuhubiri bila kibali. Safari ya Msafiri ilichapishwa 1678, na tangu hapo imetafsiriwa katika lugha zaidi ya 200. Wengi wanaikumbuka kwa ule mzigo unaomdondoka Mkristo mbele ya msalaba. Mimi naona moyo wake uko mbele zaidi, katika Ngome ya Mashaka inayomilikiwa na jitu liitwalo Kukata Tamaa. Mkristo na mwenzake, Mwenye Tumaini, wameacha njia kwa sababu ya pembeni ilionekana laini zaidi kwa miguu yao iliyochoka. Jitu linawakuta wamelala katika ardhi yake, linawatupa katika chumba chenye giza na uvundo, na humo wanakaa tangu Jumatano asubuhi hadi Jumamosi usiku bila mkate, bila maji, bila mwanga. Wanapigwa rungu. Kisha jitu linawashauri wajiue, kwa kuwa hawatatoka humo kamwe, na Mkristo anaanza kulipima shauri hilo kama jambo la busara.

Tazama Bunyan alivyomchagua mtu wa kumweka shimoni. Huyu si mgeni wa imani. Amekwisha kuupita msalaba, amepigana na Apolioni, amevuka bonde la uvuli wa mauti, amesimama imara katika soko la ubatili ambako rafiki yake aliuawa. Ni mwamini mzoefu, na bado shauri la kujiua linamwingia. Mwenye Tumaini hana hoja mpya ya kumpa. Anamkumbusha tu alikopita. Usiku wa Jumamosi, karibu na saa sita, wanaanza kuomba, na alfajiri ikikaribia Mkristo anagutuka: kifuani mwake ana ufunguo uitwao Ahadi. Amekuwa nao muda wote. Unafungua kila mlango wa ngome ile, ingawa kufuli la lango la chuma linawatoa jasho.

Mhubiri anaweza kulisema hilo kwa sentensi moja: ahadi za Mungu unazo tayari. Ni kweli, na sentensi hiyo haimfungui mtu. Msomaji anaufikia ufunguo akiwa amekaa humo siku zote hizo, amesikia rungu, amesikia kifo kikisemwa kwa sauti ya upole na hekima. Urefu wa kifungo ni sehemu ya ujumbe. Aliye ndani ya shimo lake mwenyewe anamwamini Bunyan kuhusu ufunguo kwa sababu amemwona akisema kweli kuhusu shimo, na miaka 12 ya gereza inaonekana katika sura ile.

C. S. Lewis, mwandishi Mkristo wa karne ya 20, aliueleza upande mwingine wa jambo hilihili katika makala aliyoiandika 1956. Alijiuliza kwa nini utotoni alishindwa kuhisi alivyoambiwa ahisi kuhusu Mungu na kuhusu mateso ya Kristo. Jibu lake ni kwamba aliambiwa ni lazima ahisi. Wajibu wa kuhisi unaweza kuzigandisha hisia. Hadithi, kwa maoni yake, ingeweza kuyachukua mambo yaleyale, ikayavua hali ya darasa la Jumapili, na kuyapitisha pembeni ya walinzi wakali wanaosimama kwenye mlango wa moyo. Nadhani hakuna aliyemweleza vizuri zaidi mwamini aliyechoka. Anapoketi ibadani, walinzi wake wote wako macho: anajua wimbo utakapopanda, anajua ni wapi atatarajiwa kulia, na anajichunguza kama analia. Akiwa na riwaya mkononi hakuna anayemtazama. Anamfuata mtu mwingine, mwenye jina lingine na shida nyingine, na akija kushtuka ameguswa palepale alipokuwa amefunga.

Lewis alikuwa akisimulia yaliyompata mwenyewe. Mama yake alifariki 1908, yeye akiwa na miaka 9, baada ya mtoto huyo kuomba kwa bidii apone. Alipofika ujana alikuwa amekwisha kuiacha imani waziwazi. Mwaka 1916, kwenye meza ya vitabu ya stesheni ya treni, alinunua riwaya iitwayo Phantastes, iliyochapishwa 1858, ya George MacDonald, mtu aliyeacha uchungaji 1853 baada ya kutoelewana na washarika wake. Ni hadithi ya kijana anayetangatanga katika nchi ya ajabu. Mahubiri hayamo, na Lewis hakuwa akiyatafuta. Baadaye aliandika kwamba usiku ule ubunifu wake ulibatizwa, na kwamba sehemu zake nyingine, kwa kawaida yake, zilichukua muda mrefu zaidi. Muda huo ulikuwa miaka 15. Alikuja kukiri kwamba Yesu ni Mwana wa Mungu mwaka 1931, baada ya hoja nyingi, na siku chache baada ya mazungumzo marefu ya usiku pamoja na rafiki zake J. R. R. Tolkien na Hugo Dyson mjini Oxford.

Naikazia miaka hiyo 15 kwa sababu shuhuda kuhusu vitabu hupenda kusimuliwa kama muujiza wa usiku mmoja: nilisoma, nikalia, nikaamka mzima. Wapo wanaopata hivyo, na namshukuru Mungu kwa ajili yao. Wengi hawapati hivyo. Kitabu kilimpa Lewis hamu kwanza. Alianza kutamani jambo fulani liwe kweli, muda mrefu kabla hajapata sababu ya kuamini kwamba ni kweli. Kwa aliyepoteza tumaini mpangilio ni uleule: hamu hurudi kabla ya hakika. Mtu ambaye kwa muda mrefu hajajali kama Mungu yupo au hayupo, akijikuta anafunga kitabu na kutamani Mungu wa kitabu kile awepo, amekwisha kusogea, hata kama kesho yake bado hawezi kuomba. Asijidharau. Na anayemtunza asimharakishe.

Hata hivyo mwandishi ninayemrudia zaidi katika jambo hili ni Fyodor Dostoevsky, mwandishi wa riwaya wa Urusi ya karne ya 19. Alikamatwa 1849 kwa kushiriki mikutano ya kundi la siasa, na Desemba 22 mwaka huo yeye na wenzake walisimamishwa uwanjani mbele ya askari wenye bunduki. Amri ya kuwasamehe kifo ikasomwa katika dakika za mwisho. Alipelekwa Siberia, miaka minne katika gereza la Omsk. Njiani, wanawake waliokuwa wamewafuata waume zao uhamishoni walimpa Agano Jipya, na kitabu hicho alikaa nacho hadi alipofariki 1881. Alipotoka gerezani mwaka 1854 alimwandikia mmoja wa wanawake wale kwamba yeye ni mtoto wa zama zake, mtoto wa kutoamini na wa mashaka, na kwamba atabaki hivyo mpaka jeneza lifungwe. Mtu huyu, aliyemkumbatia Kristo huku mashaka yakiwa hayajamtoka, ndiye aliyeandika riwaya ambazo zimewarudisha wengi kwenye imani. Sidhani kama ni bahati. Aliijua njia kwa sababu alikuwa anaipita.

Katika Uhalifu na Adhabu, ya 1866, Raskolnikov amewaua wanawake wawili kwa shoka. Anakwenda chumbani kwa Sonia, msichana anayeuza mwili wake ili familia ya baba yake ipate kula, na anamtaka amsomee habari za Lazaro. Sonia anasita. Sauti inamkatika. Kitabu anachokishika alipewa na Lizaveta, mmoja wa wale wawili waliouawa. Dostoevsky anainukuu Yohana sura ya 11 kwa kirefu, huku akituonyesha sauti ya msomaji inavyotetemeka, na anapofika pale Martha anaposema kwamba Lazaro amekuwa maiti siku nne, Sonia analikazia neno nne.

Sura hiyo ya Yohana nimeisikia kwenye mazishi kwa miaka mingi, kiasi kwamba masikioni mwangu ilikuwa imekuwa sehemu ya utaratibu wa maziko, kama kutangaza ratiba. Nilipoisoma ndani ya riwaya ile niliisikia kama habari. Niliona kwamba Martha, dada wa marehemu, mwanamke aliyetoka punde tu kukiri kwamba Yesu ni Kristo, ndiye anayejaribu kuzuia jiwe lisiondolewe kwa sababu maiti inanuka. Imani na kukata tamaa vinatoka kinywa kimoja, aya chache tu katikati yake. Maneno ya Injili hayakubadilishwa hata herufi. Kilichobadilika ni anayesoma, anayesomewa, na kila mmoja wao ana nini cha kupoteza ikiwa maneno hayo ni uongo. Sonia anayasoma kama mtu ambaye hana kitu kingine duniani. Na Raskolnikov haokoki usiku ule. Itachukua kurasa nyingi na gereza la Siberia, na hata pale tunapoagana naye Agano Jipya liko chini ya mto wake bila kufunguliwa. Dostoevsky hakuwa na haraka.

Lipo tukio jingine ambalo kwangu lina uzito kuliko hilo. Mei 1878, mtoto wa Dostoevsky aliyeitwa Alyosha, akikaribia miaka mitatu, alikufa kwa kifafa, ugonjwa uliomsumbua baba yake kwa sehemu kubwa ya maisha. Mwezi uliofuata baba alikwenda kwenye monasteri ya Optina na kuzungumza na mtawa mzee Amvrosy. Riwaya ya ndugu wa Karamazov, iliyotoka 1879 na 1880, ina sura ambamo mama maskini amesafiri kutoka mbali kumwona mtawa mzee Zosima. Amefiwa na mwanawe, Alexei, aliyebakiza miezi mitatu kutimiza miaka mitatu. Zosima anaanza kwa faraja iliyozoeleka: anamsimulia mtakatifu wa kale aliyemwambia mama aliyefiwa kwamba watoto wadogo wana ujasiri mbele ya kiti cha Mungu, wamekwisha kuwa miongoni mwa malaika, hivyo afurahi na asilie. Mama anasikiliza. Kisha anajibu kwamba mumewe alimwambia maneno hayohayo, na kwamba alipokuwa akiyasema alikuwa analia naye. Anajua mtoto yuko kwa Mungu. Anachotaka ni kusikia mara moja tu, mara moja tu, vishindo vya miguu yake midogo chumbani.

Hapo Zosima anageuza maneno. Anamtaja Raheli anayewalilia watoto wake na kukataa kufarijiwa. Anamwambia asifarijike, alie. Ila kila aliapo akumbuke mwanawe yuko wapi. Kilio hiki cha mama, anamwambia, utakuwa nacho kwa muda mrefu, na mwishowe kitageuka furaha tulivu. Halafu anamuuliza jina la mtoto ili amwombee, na anamtuma arudi kwa mumewe aliyemwacha peke yake.

Yote ninayotaka kusema kuhusu riwaya za Kikristo yamo katika ukurasa huo. Faraja ya kwanza haikuwa ya uongo, Dostoevsky aliiamini. Ilikuwa imeshasemwa mno, na mtu mwenye kidonda alikuwa ameshaisikia kwa mume mwenye kidonda kilekile. Faraja ya pili ina habari ileile, mtoto yuko kwa Mungu, lakini sasa imekaa ndani ya kilio badala ya kukaa juu yake na kukinyamazisha. Nimewahi kumpa aliyefiwa kurasa chache hizo tu, bila kitabu kizima, na nikaona zikifanya kazi ambayo kadi za pole na aya zilizochaguliwa vizuri hazikufanya.

Ndani ya kitabu hichohicho Ivan Karamazov, mmoja wa ndugu hao, anapewa nafasi ya kumshtaki Mungu kwa ajili ya mateso ya watoto, kwa nguvu ambayo sijaiona kwa mkana Mungu yeyote. Anasema wazi kwamba tiketi yake ya kuingia katika upatanisho wa milele anairudisha kwa heshima. Dostoevsky aliogopa. Mwaka 1879, riwaya ikiwa bado inatoka kwa sehemu, aliandika katika barua kwamba hana uhakika kama jibu lake litatosha, na kwamba jibu hilo halitakuja hoja kwa hoja bali kwa picha ya maisha ya mtu, yaani Zosima. Huo ni ujasiri wa kiimani ambao sisi wa kanisani tunauhitaji: kumpa mwenye mashaka maneno bora kuliko aliyokuwa nayo, kisha kumwekea mbele mtu badala ya hoja.

Kwa kipimo hicho, sehemu kubwa ya riwaya zinazouzwa leo kwa jina la Kikristo zinashindwa. Sizungumzi kwa dharau. Riwaya ya Janette Oke ya 1979, kuhusu mjane kijana mwenye mimba anayelazimika kuolewa na mgeni mwenye mtoto mdogo, ilifungua soko kubwa Marekani na Kanada, na wapo waliopumzika ndani yake katika miaka migumu. Pumziko ni kitu chema. Tatizo linaanza pale mwandishi anapoogopa msomaji wake asije akatikisika, naye anafanya msiba kuwa mlango tu wa kupitia kwenda kwenye harusi. Mhusika anafiwa katika sura ya kwanza, anakasirika katika ya tatu, anakutana na mtu mpole katika ya tano, anaomba katika ya kumi na mbili, na baada ya sala ile deni linalipwa, ugonjwa unaondoka, mchumba anarudi. Msomaji aliyeomba sala hiyohiyo na mtoto akafa anafunga kitabu akiwa mpweke kuliko alipokifungua. Ameonyeshwa kwamba kwa wengine inafanya kazi.

Kitabu cha namna hiyo nakitambua kwa swali moja: je, mhusika anayemkasirikia Mungu amepewa sentensi nzuri? Ikiwa anasema upuuzi ambao mchungaji wa hadithi anaujibu kwa mistari miwili, mwandishi hajawahi kukaa na mtu aliyevunjika, au amekaa naye bila kusikiliza. Biblia yenyewe haina woga huo. Zaburi ya 88 inaishia gizani, na hakuna aliyeiongezea beti la mwisho lenye mwanga.

Kati ya riwaya za kizazi cha sasa, ile ya Francine Rivers ya 1991 inayoihamishia habari ya nabii Hosea California ya wachimba dhahabu inavuka kipimo hicho kwa sehemu kubwa. Mke anatoroka, anarudishwa, anatoroka tena, na mume hachorwi kama malaika. Anachoka, anakasirika, anataka kuacha. Hapo msomaji anayejiona hafai anaanza kuhesabu mara zake mwenyewe. Lakini mwisho wake umekunjwa nadhifu kupita kiasi: mwanamke aliyeharibiwa asiweze kuzaa anapewa watoto. Naelewa kwa nini, Sara na Hana wamo katika Maandiko. Bado namfikiria msomaji tasa aliyefuatana na mwanamke yule kurasa zote zile kwa sababu walifanana, akaachwa mlangoni katika kurasa za mwisho.

Upande wa pili kabisa yuko Shusaku Endo, mwandishi Mkatoliki wa Japani. Riwaya yake Kimya, ya 1966, inamfuata padri Mreno katika Japani ya karne ya 17, wakati Wakristo walipolazimishwa kukanyaga sanamu ya Kristo. Padri anaomba, waumini wake wanateswa, Mungu hasemi. Anapofikia kukanyaga, anausikia uso ule uliochakaa kwa miguu ya watu ukimwambia akanyage. Kitabu kiliwakera Wakristo wengi wa Japani, na hoja zao naziheshimu: wapo waliokataa kukanyaga na wakafa, na damu yao si jambo la kupitwa haraka. Hata hivyo nimeona kikimfikia mtu ambaye vitabu vya ushindi havikumfikia, yule anayeamini kwamba amekwisha kumkana Bwana wake na mlango umefungwa. Petro alimkana mara tatu na akaulizwa mara tatu kama anampenda. Mtu huyo anaijua habari hiyo kwa moyo, na kwa Endo ndipo anapoisikia.

Wapo ndugu wanaoniambia kwamba hadithi za kubuni ni uongo na Mkristo ana Neno, inatosha. Nawajibu kwa Nathani. Daudi alikuwa amezini na ameua, na sheria aliijua. Amri ya sita na ya saba hazikuwa ngeni kwake. Mungu hakumpelekea nabii wa kumkumbusha amri. Nathani alimsimulia tajiri mwenye kondoo wengi na maskini mwenye mwanakondoo mmoja aliyekula chakula chake na kulala kifuani pake. Daudi akawaka hasira kwa ajili ya mtu asiyekuwapo duniani, na katikati ya hasira hiyo akaambiwa, "Wewe ndiwe mtu huyo." Sikio lilifunguliwa kwanza na hadithi, kisha likapokea hukumu. Naye Yesu katika Luka 15 anaacha hadithi bila kutuambia kama kaka mkubwa aliingia karamuni. Waliokuwa wakimnung'unikia ndio waliopaswa kuimaliza kwa miguu yao.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni jingine: kwamba kusoma habari za maombi ni rahisi kuliko kuomba, na machozi ya kitabuni yanaweza kumpa mtu hisia ya imani bila imani yenyewe. Hili ni kweli na ni hatari. Aidha riwaya si katekisimu. Kitabu cha William Paul Young cha 2007, kuhusu baba ambaye binti yake mdogo aliuawa, kimewashika mkono waombolezaji wengi, na wanateolojia waliolalamikia namna kinavyouchora Utatu hawakulalamika bure. Anayejenga mafundisho yake juu ya riwaya, iwe hiyo au zile za siku za mwisho zilizotikisa masoko baada ya 1995, anajenga pasipostahili. Riwaya ifungue sikio; sikio likishafunguka, lipelekwe kwenye Neno na kwa watu.

Leo Tolstoy, mwandishi mwingine wa Urusi, aliliona hilo mwaka 1885 katika hadithi fupi inayoweza kusomwa kwa kikao kimoja. Martin, fundi viatu anayeishi chumba cha chini ya ardhi, amefiwa na mke, kisha na mwana wake wa pekee, Kapiton. Anamlaumu Mungu, anaomba afe, anaacha kwenda kanisani. Mzee mmoja kutoka kijijini kwao, aliye katika safari ya hija, anamshauri aishi kwa ajili ya Mungu na anunue Injili. Martin anakusudia kusoma sikukuu tu, lakini anajikuta anasoma kila usiku hadi mafuta ya taa yanakwisha. Halafu anasikia sauti ikimwahidi kwamba Kristo atapita kesho, na siku nzima anachungulia dirishani, ambako huona viatu vya wapita njia tu. Anayepita ni mzee anayefagia theluji, mama aliyebeba mtoto kwenye baridi, na kijana aliyeiba tofaa. Kusoma kumemfikisha dirishani, na dirishani kumemfikisha mlangoni kuwakaribisha watu. Kama usomaji wako haujawahi kukusogeza hata hatua moja kuelekea kwa mtu, ni haki kuushuku.

Ukiwa na rafiki aliyevunjika moyo na unafikiria kumpa kitabu, usianze na kikubwa. Aliyefiwa juzi hawezi kubeba kurasa 800 za Kirusi. Mpe hadithi ya Martin, au mfungulie ule ukurasa wa mama na mzee Zosima. Endo msubirie mtu anayejihukumu, usimpe anayemlilia maiti. Bunyan anamfaa yule ambaye ameamini kwa miaka mingi na anaona haya kwamba bado anazama. Kikishindikana kusomwa, kisomwe kwa sauti, kama Sonia alivyofanya, kwa maana kuna watu ambao macho yao yamechoka lakini masikio bado yanaweza. Na usimwekee masharti. Usimwambie kitabu hiki kitakurudishia imani. Ukisema hivyo umeshawaamsha walinzi wote mlangoni, naye atasoma huku akijipima kama anapona. Mpe, na usimdai ushuhuda. Akikirudisha bila kusema lolote, kipokee, muulizane habari za nyumbani, na ukipata nafasi mletee kingine.